Mlango wa Seva ya Ndani: Tafsiri ya Anwani kwenye Ruta na Dhamana ya Anayeisanidi

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusanidi ruta ili seva iliyo ndani ya taasisi ifikiwe na watu walio nje. Wengi hulihesabu jambo hili kuwa la fundi peke yake. Mimi nimekuja na shabaha tofauti. Nataka tukubaliane kwamba kila kanuni tunayoiandika kwenye ruta kwa ajili ya seva ya ndani ni ahadi kwa umma, na papo hapo ni mlango tuliouacha wazi. Kwa hiyo kila kanuni inastahili kuwa na sababu, kuwa na mtu anayeidhamini, na kujaribiwa. Nitaijenga rai hiyo kwa hoja 6.

Hoja ya 1: Tafsiri ya anwani ilizaliwa na uhaba

Itifaki ya IP ya toleo la 4, ambayo bado inabeba sehemu kubwa ya intaneti yetu, ilichapishwa mwaka 1981. Anwani yake ina biti 32, na jumla ya anwani zote zinazoweza kuandikwa kwa biti hizo ni 4,294,967,296. Wakati ule kompyuta zilizounganishwa kwenye mtandao zilikuwa zaidi mali ya vyuo vikuu, majeshi na makampuni makubwa, na idadi hiyo ilionekana haiishi.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa wazi kwamba itaisha. Mwezi Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha waraka wa RFC 1631 unaoeleza jinsi ruta inavyoweza kubadilisha anwani za pakiti zinapotoka na zinaporudi, ili mtandao mzima wa ndani utumie anwani chache za nje. Wenyewe waliieleza mbinu hiyo kuwa ya muda mfupi, mpaka suluhisho la kudumu lipatikane. Februari 1996 ukaja waraka wa RFC 1918, uliotenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: linaloanza na 10, lenye anwani 16,777,216; la 172.16 hadi 172.31, lenye 1,048,576; na la 192.168, lenye 65,536. Anwani hizi hazipitishwi kwenye intaneti ya umma, na ndiyo sababu ofisi yako na ya jirani yako zinaweza zote mbili kuwa na kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 bila kugombana.

Uhaba wenyewe ulitimia. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa mamlaka tano za kanda duniani. Yetu sisi Waafrika ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Januari 2020 AFRINIC iliingia awamu ya pili ya kumalizika kwa akiba yake, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Ndugu zangu, shule ya sekondari au zahanati leo ikipata anwani moja tu ya umma kutoka kwa mtoa huduma wake, imepata kitu cha thamani. Swali ni namna ya kukitumia vizuri.

Hoja ya 2: Ruta inajua njia ya majibu, haijui njia ya mgeni

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na naomba twende polepole.

Fikirini taasisi yenye Sanduku la Posta moja na masijala moja. Barua zote zinazotoka hubeba S.L.P. ileile, lakini kila moja ina kumbukumbu namba yake. Jibu likirudi limetaja kumbukumbu namba, karani wa masijala hufungua daftari, akaona barua ilitoka ofisi gani, akalipeleka huko. Ruta hufanya hivyo hivyo. Kompyuta ya ndani ikifungua tovuti, ruta huiondoa anwani yake ya ndani, huweka anwani ya umma, huchagua namba ya poti, na kuyaandika yote katika jedwali lake. Namba za poti zinakwenda hadi 65,535, ndiyo maana watu mamia wanaweza kutumia anwani moja kwa wakati mmoja bila majibu yao kuchanganyika.

Sasa ije barua mpya, kutoka kwa mtu ambaye hamjawahi kumwandikia. Haina kumbukumbu namba. Karani asipokuwa na maagizo ya kudumu, hana pa kuipeleka. Seva yetu ya ndani iko katika hali hiyo: mgeni ndiye anayeanza mazungumzo. Pakiti yake inafika kwenye anwani ya umma, ruta inatazama jedwali, haioni kitu, inaitupa. Hakuna hitilafu hapo. Ruta imetenda sawasawa na ilivyoagizwa, na maagizo yaliyokosekana ni yetu sisi kuyaandika.

Maagizo hayo ni ya namna mbili. La kwanza ni kuikabidhi seva moja anwani nzima ya umma, poti zote. La pili ni kuelekeza poti moja moja: anayekuja kwa poti 443 apelekwe kwenye seva ya tovuti, anayekuja kwa poti 25 apelekwe kwenye seva ya barua pepe. Kwa taasisi zetu zenye anwani moja, namna ya pili ndiyo inayotufaa, na hata pale penye anwani nyingi ningeitanguliza, kwa sababu inafungua kilichokusudiwa tu.

Hoja ya 3: Kanuni njema huanza kabla ya kuigusa ruta

Chukueni mfano huu, na wanafunzi nawaomba muuchore. Anwani ya umma ni 203.0.113.10; fungu hilo limetengwa kwa mafundisho, hivyo hatumtaji mtu. Ndani tuna seva ya tovuti 192.168.10.20 na seva ya barua pepe 192.168.10.25. Ruta kwa upande wa ndani ni 192.168.10.1.

Kabla ya kuandika kanuni yoyote, mambo matatu yahakikishwe. Kwanza, anwani ya seva isibadilike. Iandikwe kwa mkono kwenye seva yenyewe nje ya fungu linalogawiwa na DHCP, au itengwe kwenye DHCP kwa ajili ya seva hiyo peke yake. Vinginevyo umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kuamka na anwani nyingine, na kanuni yako ikabaki inaelekeza kwenye printa. Pili, lango la seva liwe ruta hii hii. Taasisi yenye watoa huduma wawili hupata shida hapa: mgeni anaingia kwa mtoa huduma wa kwanza, jibu linatoka kwa wa pili likiwa na anwani nyingine, na kompyuta ya mgeni inalikataa. Tatu, huduma yenyewe ijaribiwe ndani kwanza. Ikiwa tovuti haifunguki kwa jirani aliye kwenye swichi ileile, hakuna kanuni ya ruta itakayoifungua kwa mtu aliye Kigoma.

Ndipo tuandike. Kanuni ina sehemu nne: anwani ya umma inayolengwa, itifaki na poti, anwani ya ndani, na poti ya ndani. Kwetu: anayelenga 203.0.113.10 kwa TCP poti 443, apelekwe 192.168.10.20 poti 443. Ukitumia MikroTik, kanuni hiyo inakaa kwenye mnyororo wa dstnat. Kwenye Cisco, unatangaza kwanza upande upi ni wa ndani na upi ni wa nje, kisha unaandika tafsiri ya kudumu.

Baada ya tafsiri kuna ngome, yaani vichujio vya ruta, na hapa vifaa vinatofautiana kwa namna inayowatesa mafundi wengi. Kwenye Linux na MikroTik, anwani inayolengwa hubadilishwa kabla pakiti haijafika kwenye kichujio cha pakiti zinazopita. Kwa hiyo kichujio kitaje anwani ya ndani, 192.168.10.20. Kwenye ruta za Cisco zinazotumia IOS, orodha ya ruhusa iliyowekwa kwenye upande wa nje hukagua pakiti inayoingia kabla ya tafsiri, kwa hiyo itaje anwani ya umma. Fundi aliyehama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kulijua hili anaweza kukesha akitafuta kosa ambalo liko kwenye mstari mmoja.

Mtaniuliza: tukiwa na tovuti tatu kwenye seva tatu, na poti 443 ni moja? Jibu ni kuweka seva ya mapokezi, kwa mfano programu ya Nginx, ipokee maombi yote ya poti 443, isome jina la tovuti linaloombwa, kisha ipeleke ombi kwa seva husika. Ruta haisomi majina. Inasoma anwani na poti tu.

Hoja ya 4: Chanzo cha pakiti kisipotee bila sababu

Hoja hii nitakaa nayo kidogo, maana madhara yake ni makubwa na hayaonekani haraka.

Kuna kanuni ya jumla inayoziwezesha kompyuta za ndani kutoka nje, ile ambayo kwenye Linux na MikroTik huitwa masquerade. Kanuni hiyo inapaswa kutenda kazi kwa pakiti zinazotoka kwenda upande wa nje tu. Fundi mwenye haraka huiandika bila kutaja upande. Kila kitu kinaonekana kinafanya kazi: tovuti inafunguka, barua zinafika. Lakini sasa hata pakiti za wageni zinazoingia zinabadilishwa chanzo chake, na seva inaona wageni wote wa dunia wakitokea 192.168.10.1.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, kumbukumbu za seva zinakufa. Mtu akijaribu kuvunja nywila usiku kucha, asubuhi utasoma kwamba mshambuliaji ni ruta yako mwenyewe. La pili ni baya zaidi. Seva nyingi za barua pepe husanidiwa kuwaamini watu wa mtandao wa ndani, ziwatumie barua popote bila kuwauliza nywila. Seva ikimwona kila mgeni kuwa ni wa ndani, inageuka chombo cha matapeli cha kutuma barua taka kwa dunia nzima. Haipiti muda anwani ya taasisi inaingizwa kwenye orodha nyeusi, na barua halali za mhasibu na mkuu wa shule zinaanza kukataliwa. Haya yote yanatokana na neno moja lililosahaulika kwenye kanuni.

Kwa upande mwingine, ipo hali ambayo chanzo lazima kibadilishwe. Wengi wenu mmewahi kuulizwa: mbona tovuti yetu inafunguka kwa watu wa nje, lakini sisi tuliomo ofisini haifunguki? Tufuate pakiti. Kompyuta 192.168.10.55 inaomba 203.0.113.10. Ruta inabadilisha anwani inayolengwa kuwa 192.168.10.20 na kuipeleka kwa seva. Seva inaona ombi limetoka 192.168.10.55, jirani yake wa mtandao mmoja, inamjibu moja kwa moja bila kupitia ruta. Kompyuta ilikuwa inangoja jibu kutoka 203.0.113.10, inapata jibu kutoka 192.168.10.20, hailitambui, inalitupa.

Tiba ziko tatu. Unaweza kuiagiza ruta ibadilishe pia chanzo, kwa pakiti zinazotoka mtandao wa ndani kwenda kwa seva hiyo tu. Unaweza kuipa DNS ya ndani jibu lake, ili jina la tovuti liwape watu wa ofisini anwani ya ndani na watu wa nje anwani ya umma. Au unaweza kuihamisha seva kwenye mtandao mdogo wake wenyewe, tuseme 192.168.20.0, ili majibu yalazimike kupita kwenye ruta na kurudishiwa anwani yake ya awali; hapo kanuni ya tafsiri itaje anwani ya umma inayolengwa, isifungwe kwenye upande wa nje peke yake. Mimi nasimama na tiba hii ya tatu, na hoja inayofuata inaeleza kwa nini.

Hoja ya 5: Tafsiri inaelekeza, hailindi

Imeenea imani kwamba taasisi iliyo nyuma ya tafsiri ya anwani iko salama. Imani hii ina chembe ya ukweli: pakiti isiyo na rekodi kwenye jedwali kwa kawaida haina pa kwenda. Lakini mara tu tunapoandika kanuni ya kuingiza wageni, chembe hiyo inakwisha kwa poti tuliyoifungua. Ruta haimkagui mgeni wa poti 443. Inampeleka tu. Udhaifu wowote wa programu iliyo kwenye seva sasa uko mbele ya dunia nzima.

Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa kupitia huduma ya kushirikisha mafaili ya Windows, poti 445. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho mwezi Machi mwaka huo huo. Funzo kwetu ni la moja kwa moja: poti 445 isielekezwe kutoka nje kamwe, na seva zisasishwe. Nasema hivyo hivyo kuhusu poti 3389, ya kuendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali. Mhasibu akitaka kufanya kazi akiwa nyumbani, apewe VPN. WireGuard imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na haihitaji leseni. Kuificha poti 3389 chini ya namba nyingine hakutoshi, kwa sababu programu za kuchunguza poti hupita namba zote.

Ndiyo maana nataka seva zinazofikiwa na umma zikae kwenye mtandao wao. Seva ikitekwa, ruta izuie isianzishe mazungumzo na kompyuta za mishahara, za matokeo ya mitihani au za majalada ya wagonjwa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zimeweka wajibu wa kulinda taarifa za watu mikononi mwa taasisi inayozihifadhi. Mkuu wa taasisi hawezi kusema hayo ni ya fundi, na fundi hawezi kusema sikuelezwa.

Hoja ya 6: Anwani tuliyopewa huenda si yetu

Zipo taasisi zinazotumia laini ya simu kama njia kuu ya intaneti. Kanuni zinaandikwa vizuri, vichujio viko sawa, seva haifikiwi. Tazameni anwani ya upande wa nje wa ruta. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, au ni mojawapo ya anwani za ndani nilizozitaja, basi mtoa huduma naye anatafsiri anwani kwa upande wake. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya watoa huduma. Wateja wengi wanachangia anwani moja ya umma, na jedwali linaloamua pakiti ya mgeni iende wapi liko kwa mtoa huduma, ambako hatuna mkono. Hapo kanuni za kwetu pekee hazitoshi. Ombeni anwani ya umma ya kudumu, na mliandike sharti hilo kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Kwa seva ya barua pepe ombeni pia rekodi ya DNS ya kinyume inayolingana na jina lake, kwa kuwa wapokeaji wengi huikataa barua isiyo nayo.

Suluhisho la kudumu lililosubiriwa tangu 1994 lipo. Ni IPv6, yenye anwani za biti 128, iliyowekwa kwenye waraka wa kiwango mwaka 1998 na kuthibitishwa tena mwaka 2017. Kwa IPv6 kila seva hupata anwani yake ya umma, na tafsiri tuliyoizungumza leo haihitajiki. Lakini sikilizeni vizuri: siku hiyo ngome ndiyo itakayobaki kazini. Taasisi iliyozoea kujificha nyuma ya tafsiri bila kujifunza kuandika vichujio itaziweka wazi kompyuta zake zote. Anayejifunza leo kutenganisha kuelekeza na kulinda ameshajiandaa kwa IPv6.

Tunakokwenda

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuacha mapendekezo manne.

Kila taasisi iliyowakilishwa hapa ifungue daftari la kanuni za ruta. Kila mstari utaje poti, seva, sababu, mwenye dhamana, na tarehe ya kuupitia tena. Kanuni isiyo na mwenyewe ifutwe.

Kila kanuni ijaribiwe kutoka nje, kwa simu iliyozimwa Wi-Fi ya ofisi, na nakala ya usanidi wa ruta ihifadhiwe mahali pasipo kwenye ruta hiyo hiyo.

Chuo chetu kiwafundishe wanafunzi kufuata safari ya pakiti kwa kalamu na karatasi kabla hawajapewa vitufe vya kubofya, na kiwafundishe kwa Kiswahili na Kiingereza, ili fundi aweze kumweleza mkuu wa shule ya kijijini alichokifungua na kwa nini.

Na kuanzia mwaka huu wa fedha, kila zabuni ya intaneti iulize swali hili: je, mtoa huduma anatoa IPv6, na kwa masharti gani? Tukiuliza taasisi moja moja, tutajibiwa kwamba hakuna anayehitaji. Tukiuliza sote kwa maandishi, watoa huduma watakuwa na sababu ya kujenga.

Vijana mliomo humu, wengi wenu ndio mtakaokabidhiwa ruta za halmashauri, hospitali na shule zetu. Seva hizo zitabeba matokeo ya wanafunzi, majalada ya wagonjwa, na barua za wananchi wanaodai haki zao. Tuna uwezo wa kuziendesha wenyewe hapa nyumbani, na kuziendesha kwa uaminifu. Jumatatu mtakaporudi kazini, fungueni ruta, someni kanuni moja baada ya nyingine, na muulize kila moja: umewekwa na nani, kwa faida ya nani? Kazi hiyo ianze hapo.